Swali la Kijana wa Mkwawa, na Majarida Ambayo Hatujayaandika

Haya ndiyo niliyosema mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi mjini Iringa. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya mlioshindwa kufika.

Kamwene!

Asanteni sana. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, nanyi wanangu mliojaa huko nyuma na sweta zenu za shule, nawasalimu nyote. Nimetoka Mbeya jana. Makambako tulikuta ukungu umelala barabarani, dereva akawasha taa saa nane mchana. Nikawa nawaza: ndani ya basi hili, ni wangapi wanajua kwamba tunapita katikati ya wingu? Na anayejua, alilisoma wapi kwa lugha anayozungumza na mama yake?

Nimeombwa niseme juu ya majarida ya sayansi. Sisemi yale ambayo daktari humwandikia daktari mwenzake. Nasema yale yanayoandikwa kwa ajili ya fundi baiskeli, muuza duka, mwalimu wa shule ya msingi, mwanafunzi na bibi yake. Najua wapo watakaosema: mwalimu, shule zetu zinalia hazina vitabu vya kiada, wewe unatuletea habari za majarida? Nivumilieni. Nitaanzia hapa hapa Iringa, pale ilipokuwa shule ya Mkwawa.

Mwaka 1963, kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, kule Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji zilikuwa chache na watu wengi. Siku moja mwenzake akawahi, akaweka maziwa yake bila hata kuyachemsha. Mpemba alipoona nafasi zinakwisha, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu wakafungua. Yale ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa: umechanganyikiwa, haliwezekani hilo. Akanyamaza. Lakini baadaye akakutana na rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini, akamwambia kwamba wao huko huweka mchanganyiko wa moto makusudi, unaganda upesi. Sikieni hilo, wazazi. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanajua. Walikuwa wanalitumia kila siku kujipatia riziki. Ila hakuna aliyewauliza.

Kisha Mpemba akaja Mkwawa kusoma kidato cha tano. Walipofika kwenye somo la kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka, na tangu hapo kila aliyekosea hesabu akaambiwa, hiyo ni hesabu ya Mpemba. Mimi nimefundisha fizikia miaka mingi, na ninaposoma sehemu hii moyo huniuma, kwa sababu najua ni mara ngapi nimemjibu mtoto hivyo kwa kuwa kengele ilikuwa karibu kulia.

Halafu akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kutoa mhadhara wa fizikia. Akakaribisha maswali. Mpemba akasimama. Akasema: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji kiasi kimoja, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka. Aliuliza kama kijana amejaribu mwenyewe, akaambiwa ndiyo. Akarudi Dar es Salaam, akamwagiza mfanyakazi wa maabara apime. Yule mfanyakazi akaja na majibu: maji ya moto yameganda kwanza kweli, lakini msijali, tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi!

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakaandika pamoja katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Na hapa ndipo mada yangu inapoingia. Mwaka huo huo New Scientist, jarida la kila wiki la London ambalo lilianza mwaka 1956 na kusomwa na watu wa kawaida, likalichukua swali hilo. Wasomaji wakaandika barua. Mwaka 1977 mwanafizikia Jearl Walker akalipeleka katika Scientific American kule Marekani, akieleza majaribio aliyoyafanya mwenyewe. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kikatangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayelieleza vizuri zaidi, yakaja majibu kama 22,000. Mwaka 2016 watafiti wengine wakasema wamepima kwa uangalifu na hawakuona kitu hicho. Mjadala upo mpaka leo.

Jiulizeni. Aristotle aliwahi kugusia jambo hilo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Francis Bacon aliligusia. Descartes aliligusia. Mbona leo dunia nzima inaliita kwa jina la kijana wa Kitanzania? Kwa sababu swali lake lilichapishwa. Lilipata karatasi, likapata mhariri aliyeona kwamba linafaa, likapata wasomaji wenye friji majumbani mwao. Swali bila karatasi hubaki kicheko cha darasani.

Sasa, haya majarida yametoka wapi? Scientific American lilianza New York tarehe 28 Agosti 1845. Aliyelianzisha aliitwa Rufus Porter, mchoraji wa picha za ukutani na mtu wa kubuni mitambo. Si profesa. Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa nne. Nne, ndugu zangu! Karatasi moja kubwa iliyokunjwa. Mwaka 1872 likaja Popular Science, na mwaka 1902 Popular Mechanics kule Chicago, ambalo lilijitambulisha kwa maneno mepesi kabisa: limeandikwa ili uweze kuelewa. Wafaransa wakaanzisha Science et Vie mwaka 1913. Warusi wana Nauka i Zhizn, maana yake sayansi na maisha, ambalo enzi za Usovieti lilifikia kiasi cha nakala milioni tatu kwa toleo.

Lakini kuna mahali pawili nataka nikae zaidi, maana panatuhusu.

Mwaka 1914 wanafunzi wa Kichina waliokuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walikaa wakajiuliza: nchi yetu inakosa nini kuliko vyote? Wakasema inakosa sayansi. Vijana hawa walikuwa wanaishi kwa posho za ufadhili. Wakachangishana kutoka kwenye posho hizo hizo, na Januari 1915 toleo la kwanza la jarida lao, Kexue, likatoka Shanghai. Kexue maana yake ni Sayansi. Kichina wakati ule kiliandikwa kwa mistari ya kushuka chini. Sasa utaandikaje mlinganyo wa kemia kwa kushuka chini? Wakageuza. Wakachapa kwa mistari ya kulala, na alama za vituo kama za Ulaya. Wanafunzi! Wakaigeuza sura ya maandishi ya kale namna ile ili sayansi ipate pa kukaa. Mwaka huo huo wa 1915, Allahabad nchini India, watu wengine kabisa wakaanza jarida la sayansi kwa Kihindi, wakaliita Vigyan, nalo maana yake ni Sayansi. Hawa na wale hawakusubiri lugha zao ziive. Waliziivisha kwa kuzitumia.

Na sisi Kiswahili chetu? Msiniambie hakina maneno. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, lipo. Jotoridi, yaani kiwango cha joto, lipo. Maneno yapo, yamelala kabatini kama shuka la mgeni asiyefika. Na wala si kwamba hatujawahi kujaribu. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni mbili wakakaa kwenye vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi, wakijifunza malaria inaletwa na nini na choo kinachimbwaje. Wazee mliopo hapa mlikuwamo, naona mnatikisa vichwa. Ile ilikuwa sayansi kwa umma, kwa Kiswahili, tena kwa mamilioni. Na leo wakulima wengi wanasoma Mkulima Mbunifu, jarida la Kiswahili lililoanza mwaka 2011, linaloeleza mboji, wadudu na mifugo kwa lugha ya shambani. Kwa hiyo njia tunaijua. Tumeipita tukiwa na haraka ya kwenda kwingine.

Niwasimulie sasa jambo langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu kijana, katika shule moja ya wilaya ya Rungwe, nilikuta kwenye stoo boksi la majarida ya zamani. Mgeni fulani aliyaacha alipohama. Panya walikuwa wamekula pembe. Yote ya Kiingereza. Nikaanza desturi: kila Ijumaa baada ya vipindi, nachagua aya mbili, nazitafsiri ubaoni, anayetaka anabaki. Mwanzo walibaki sita. Baada ya mwezi madawati hayakutosha. Na dirishani alikuwa akisimama mlinzi wa shule, mzee wa Makete, koti refu, rungu kwapani, hasemi neno.

Ijumaa moja tulisoma juu ya hewa kutanuka ikipata joto na kuwa nyepesi. Nilipomaliza, mzee akapiga hodi kwenye fremu ya dirisha. Akasema: "Mwalimu, mimi nina swali. Umesema mlimani kuna baridi kuliko bondeni, na kweli ni hivyo. Mbona sakitu, ule umande ulioganda, inaua viazi vyangu vya bondeni, na vya mteremkoni, huko juu kwenye baridi, vinabaki kijani?"

Nilikuwa na cheti cha ualimu wa fizikia. Sikuwa na jibu. Nikamwambia, mzee wangu, nipe wiki.

Nililitafuta jibu usiku na mchana, na nililipata ndani ya yale yale niliyofundisha Ijumaa ile. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake, linapanda juu angani na hakuna kinachoirudishia. Ardhi ikipoa inaipoza hewa inayoigusa. Hewa iliyopoa ni nzito. Nayo, kama maji, inateremka. Inapita taratibu katikati ya matuta, inashuka mteremko, inakwenda kujaa bondeni kama maji kwenye beseni. Alfajiri beseni limejaa baridi, na viazi vimo ndani yake. Vya mteremkoni hewa imevipita tu. Mlimani kuna baridi kuliko bondeni kwa wastani wa siku nyingi, lakini usiku mtulivu wa Julai mambo hupinduka.

Ijumaa iliyofuata nilimwambia mzee aingie ndani, akae. Nikaeleza ubaoni. Aliposikia habari ya beseni, alisimama, akasema kwao wazee walikuwa wanakata ua wa upande wa chini wa shamba ili "baridi ipate mlango wa kutokea". Darasa zima likakaa kimya. Ndiyo hivyo hasa! Ukiweka ua mzito upande wa chini unaizuia hewa baridi isitoke. Wazee wa Makete walikuwa na jibu nusu, boksi la panya lilikuwa na nusu nyingine, na kati yao palikuwa na dirisha.

Ninachokililia ndicho hicho, ndugu zangu. Dirisha hilo.

Kwa sababu angalieni kilichotokea kwetu Rungwe mwaka 2003. Watafiti waliokuwa wakizunguka vijijini walisikia wawindaji wakimtaja tumbili mwenye haya, aitwaye kipunji. Mwanzoni hawakuwa na hakika kama ni mnyama au ni wa kwenye hadithi. Mwisho wakamwona: manyoya ya kahawia, kishungi kichwani, sauti kama honi inayobweka. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakamwona msitu wa Ndundulu, huku kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa kwenye jarida la Science. Mwaka 2006, baada ya mmoja kufia kwenye mtego wa mkulima, wakampima vinasaba, wakakuta yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida kuliko walivyodhani. Wakampa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi: Rungwecebus kipunji. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya tumbili barani Afrika tangu mwaka 1923. Majarida ya dunia yakampamba. Jina la mlima wetu na jina alilopewa na wazee wetu yakaingia katika orodha ya viumbe wote.

Mimi mzaliwa wa Rungwe nilizisoma habari hizo kwa Kiingereza, kwenye karatasi niliyopewa na mgeni. Mama yangu, aliyekuwa akilijua jina la kipunji tangu utotoni, hakuzisoma popote. Alizipata kwangu, jikoni, nikimsimulia. Akaniuliza, "Kwa hiyo walikuwa hawamjui?" Nilishindwa kumjibu.

Mtu atasema, siku hizi kuna simu. Ni kweli, na majarida makubwa yenyewe yamepigwa na mabadiliko hayo. Popular Science liliacha karatasi mwaka 2021, na mwaka 2023 likaacha kutoka kabisa kama jarida. Lakini simu inakuletea dawa ya kisukari ya kitunguu na habari ya mwisho wa dunia kwa sauti moja. Jarida lina mhariri, na kazi ya mhariri ni swali moja: umejuaje? Watu wenye mamlaka wanalijua vizuri uzito wa karatasi hizi. Mwaka 1950 Scientific American lilitaka kuchapa makala ya Hans Bethe, mwanafizikia aliyeshiriki kutengeneza bomu la atomiki, akieleza hatari ya bomu la haidrojeni. Serikali ya Marekani ikaamuru nakala 3,000 zichomwe moto, na makala ikatoka imepunguzwa. Hakuna anayechoma karatasi isiyo na nguvu.

Basi tufanye nini? Sina fedha ya mtambo, na hapa sijaja kuomba mfadhili. Rufus Porter alianza na kurasa nne. Sisi tuanze na karatasi nne za kubandika ukutani, gazeti la ukutani kama tulivyokuwa tukifanya zamani shuleni, kila muhula, kwa Kiswahili, kila shule itakayokubali. Nakala moja ibandikwe nje, karibu na geti, mlinzi na mama wa mboga wasome bila kuomba ruhusa. Kila anayeandika aseme amejuaje: amepima, amesoma, au ameambiwa na nani. Tukikosea, toleo linalofuata liseme tulikosea wapi, kwa herufi kubwa zile zile. Na ukurasa wa mwisho uwe wa maswali ya watu wasio wanafunzi. Huo ukurasa nawasihi msiuguse, hata matangazo ya mahafali yakikosa nafasi.

Swali la toleo la kwanza ninalo tayari. Asubuhi hii nimekunywa chai kwa mama lishe pale Ipogolo. Aliposikia mimi ni mwalimu wa sayansi akaniambia: "Baba, nilikuwa napika Ifakara, maharage yanaiva. Nimehamia huku, maharage yale yale, sufuria ile ile, mkaa unaisha hayajaiva. Maji yanachemka, nayaona yanachemka! Tatizo nini?"

Sitawapa jibu leo. Vitabu vyenu vinasema maji huchemka nyuzi 100. Iringa mjini tuko juu ya bahari mita 1,600 hivi. Ifakara hawafiki 300. Nani kati yenu amewahi kuchovya kipimajoto kwenye sufuria inayochemka hapa mjini akasoma namba? Nyoosheni mikono. Naona mmoja. Wawili, asante binti.

Walimu, vipimajoto mnavyo maabara, naomba viazimwe wiki hii. Watoto wa Kilolo wapime Kilolo, wa Mafinga wapime Mafinga, wenye ndugu Makete wapige simu. Msirekebishe namba ili zifanane na kitabu. Andikeni mlichoona, na jina la kijiji, na saa. Karatasi za maswali ziko pale mlangoni kwa katibu, kalamu zimefungwa kwa uzi. Mimi nitarudi mwezi ujao, na kabla ya kuja hapa nitapitia Ipogolo kumwambia yule mama namba zimesemaje.